Kitabu Kilichofanana na Kitabu cha Risiti

Boksi lilikuwa mlangoni pa chumba namba 14, na ubavuni mtu ameandika kwa kalamu nene: TUPA.

Ilibaki nusu saa zamu ya usiku iishe. Mzee wa chumba hicho alifariki Jumanne. Alhamisi wanawe wakaja, wakachukua picha, saa ya ukutani na kiti chake cha kuegemea, vilivyobaki wakavigawa mafungu mawili: la kuwapa wahitaji na la kutupa. Kwenye nyumba hii ya kulelea wazee, hapa Ohio, anayepeleka mzigo kwenye pipa la nyuma alfajiri ni mimi. Huko nyumbani mnatuita wabeba boksi. Siku hiyo mlilenga kabisa.

Chini ya soksi na betri zilizokwisha nikaona kitu nilichodhani ni kitabu cha risiti. Mnavijua vile vya dukani: vipana kwenda pembeni, vifupi kwenda juu, pini ubavuni, muuzaji anaandika, anachana, anakupa. Umbo ndilo hilohilo. Pini zilikuwa zimeota kutu hadi karatasi iliyozizunguka imekuwa rangi ya chai ya rangi. Nikakifungua nikitarajia kukuta hesabu za mtu.

Nikakuta riwaya.

Riwaya ya wachunga ng'ombe na bastola, maandishi yamepangwa safu mbili kila ukurasa kama gazeti. Jaladani kulikuwa na picha ndogo ya jalada jingine. Yaani wamekipiga picha kile kitabu chenyewe, cha jalada gumu, wakaibandika juu ya hiki kama picha ya pasipoti. Chini yake maneno ya kumhakikishia msomaji kwamba hiki ni kitabu kizima, si muhtasari.

Nikakitumbukiza mfukoni mwa sare. Kikaingia chote, hakikubaki nje hata ncha.

Baadaye ndipo nikajua kwamba hilo la kuenea mfukoni lilipimwa na watu, tena kwa rula.

Mapacha waliotenganishwa kwa kisu

Kwa wiki kadhaa sasa narudi kutoka zamu, nakunywa chai, na badala ya kulala nafuatilia habari za kitabu hiki. Mke wangu amenyamaza. Ananijua nikishikwa na kitu.

Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Mwaka uliofuata wakutubi wakawaomba raia watoe vitabu kwa ajili ya askari, na hadi kampeni ile inafungwa mwaka 1943 vilikuwa vimekusanywa takriban milioni 18. Lakini mambo ya michango mnayajua. Mtu akiambiwa atoe nguo kwa waliokumbwa na mafuriko, anatoa suruali iliyokatika zipu. Watu walishusha vilivyokuwa vimelala darini: vitabu vya watoto, vitabu vya kufundisha kufuma sweta. Na hata vile vizuri vilikuwa na majalada magumu, na jalada gumu ni uzito. Mtu aliyebeba bunduki, risasi, maji na sepetu haongezi tofali mgongoni kwa hiari yake.

Suluhisho lilitoka kwa watu wawili wa jeshini: Luteni Kanali Ray Trautman, aliyesimamia maktaba za jeshi, na H. Stahley Thompson, mtu wa usanifu na uchapaji. Walilipeleka kwa Baraza la Vitabu Wakati wa Vita, chombo ambacho wachapishaji, wauza vitabu na wakutubi walikuwa wamekiunda mwaka 1942. Mfululizo ukaitwa Armed Services Editions, na aliyepewa kuusimamia ni Philip Van Doren Stern.

Akili yenyewe ilikuwa kwenye mitambo. Mitambo ya vitabu haikuweza kutoa nakala nyingi kiasi kile kwa bei ya chini. Lakini ilikuwepo mitambo ya magazeti madogo ya hadithi, yale ya karatasi nyepesi, inayokimbia kwa kasi kubwa. Tatizo ni kwamba ukurasa wa gazeti ni mkubwa kuliko mfuko wa askari.

Chukua daftari la mwanao uone walivyofanya. Lisimamishe wima. Kila ukurasa piga mstari wa ulalo katikati. Nusu ya juu andika hadithi ya Juma, nusu ya chini hadithi ya Asha, mpaka ukurasa wa mwisho. Libane pini ubavuni. Sasa pitisha kisu kwenye ule mstari.

Una vitabu viwili, vyote vipana kuliko urefu wake.

Ndiyo siri ya umbo la kitabu cha risiti. Na ikazaa kichekesho chake: ili vitabu viwili vichapwe pamoja ilibidi vilingane kurasa. Kwa hiyo wahariri walikaa wakiozesha vitabu visivyojuana, mshairi akaungwa ubavu na mpelelezi kwa sababu tu unene wao umelingana. Kitabu changu nacho kilikuwa na pacha wake. Wakatenganishwa kwa kisu, kila mmoja akaenda bahari yake.

Pini nazo zina habari yake. Gundi peke yake isingefaa kule kwenye joto na unyevu, kwa sababu wadudu wanaila. Hapo sikuhitaji kuelezwa na profesa. Aliyekulia Korogwe anajua mende anakula nini kwenye mgongo wa kitabu, na anajua haanzi na jalada.

Kwa serikali, nakala moja iligharimu senti 6 hivi za dola. Mwandishi na mchapishaji waligawana senti moja. Vya kwanza vilitoka Septemba 1943, vya mwisho 1947, na jumla yake ilikaribia nakala milioni 123.

Kile cha kwanza kabisa, chenye namba A-1, kilinichekesha peke yangu jikoni. Ni visa alivyoandika Leo Rosten kuhusu mhamiaji anayesoma Kiingereza darasa la usiku na kukivunjavunja kila anapofungua kinywa. Yaani walipoamua kuwapa vijana wao kitu cha kusoma vitani, namba moja wakatuweka sisi.

Kusubiri

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunadhani kazi ya askari ni kupiga risasi. Kumbe kazi yake kubwa ni kusubiri. Anasubiri meli, anasubiri barua, anasubiri mvua ikatike, anasubiri amri ambayo ikija atatamani isingekuja. Vita ni foleni ya benki yenye mizinga.

Hilo nalijua kidogo kwa njia yangu. Zamu ya usiku, kati ya saa nane na saa kumi na moja, hakuna kinachotokea, na huruhusiwi kulala, na wakati wowote kengele inaweza kulia. Simu inachosha. Muda ule ningesoma hata maelezo ya dawa ya mende.

Kwa hiyo nikisoma kwamba wale vijana walisoma chochote, naamini. Walisoma hospitalini na handakini. Walisoma kwa foleni: mmoja anasoma, watatu wameshaweka nafasi. Wengine walichana kitabu vipande ili aliyemaliza mwanzo ampe wa nyuma yake, kama watu wanaokula muwa mmoja. Wasanifu walikuwa wamekisia kwamba nakala itahimili wasomaji sita hivi. Sita tu, basi, imekwisha kazi.

Kabla ya kuvuka kwenda Normandy, Ufaransa, Juni 1944, vijana wale walikuwa wamefungiwa kwenye kambi za kusini mwa Uingereza, wanasubiri. Huko waligawiwa vitabu hivi wavichukue melini. Mtu anapunguza mizigo, anatupa hiki na kile kabla ya kupanda chombo, lakini kitabu kinabaki mfukoni. Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Nilikuwa nakifikiria kile cha chumba namba 14, kilivyozama mfukoni mwangu, na jinsi mkono wenyewe ulivyokuwa ukirudi kukigusa bila mimi kuuambia.

Na walisoma nini? Nilidhani ni hadithi za ushujaa na historia ya nchi. Zilikuwepo. Lakini kilichowashika wengi mno ni riwaya ya Betty Smith kuhusu binti maskini wa Brooklyn, baba mlevi, mama fundi wa kubana matumizi. Wanaume wazima, wenye bunduki, wakamwandikia mama Smith barua kwa wingi, wakimweleza mambo ambayo nadhani mama zao hawakuambiwa.

F. Scott Fitzgerald alifariki mwaka 1940 akiamini ameshasahauliwa. Riwaya yake *The Great Gatsby*, ya mwaka 1925, ilikuwa inauzwa kwa kudonadona. Jeshi likachapa nakala 155,000 na kuzigawa bure, nyingi kuliko zote zilizouzwa yeye akiwa hai. Leo watoto wa shule hapa wanaifanyia mtihani. Binti wa dada yangu aliifanyia mwaka jana, akaniuliza maana yake nini, nikamwambia amuulize mwalimu.

Silaha

Kuna kitu kiliniudhi lakini.

Kaulimbiu ya Baraza ilisema vitabu ni silaha katika vita vya fikra. Najua ilikotoka. Usiku wa Mei 10, 1933, wanafunzi wa Kinazi walichoma vitabu kwa maelfu katikati ya Berlin na kwenye miji mingine ya vyuo, na Marekani haikusahau ule moto. Adui anachoma vitabu, basi sisi tutavigawa. Ni hoja nzuri, inaenea kwenye bango.

Ila silaha hulengwa. Na mtu akiniambia ameniletea silaha bure, nauliza amemlenga nani.

Nikachimba hapo, na nilichokuta hakikunyooka. Ndiyo, kulikuwa na mchujo, jeshi lenyewe likiwa na neno la mwisho. Riwaya moja maarufu ya Zane Grey ilikataliwa kwa sababu iliwasema vibaya waumini wa dhehebu la Wamormoni. Halafu mwaka 1944 Bunge likapitisha sheria ya askari kupiga kura, na ndani yake Seneta Robert Taft akapenyeza kifungu: fedha ya serikali isinunulie askari maandishi yenye hoja za kisiasa zinazoweza kugusa uchaguzi. Alichokuwa anahofia kilieleweka, Rais Roosevelt alikuwa anautaka muhula wa nne. Jeshi likakitafsiri kifungu kwa woga wa karani, vitabu vikaanza kuondolewa, mpaka wasifu wa jaji Oliver Wendell Holmes, aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1935. Mpaka insha za E. B. White za maisha ya shambani.

Yaani jeshi linalokwenda kupigana na wachoma vitabu limezuia insha za mtu anayefuga kuku.

Wachapishaji walipiga kelele, magazeti yakapiga kelele, na Agosti mwaka huohuo kifungu kikalegezwa. Na huku hilo likiendelea kuna jingine: riwaya ya Lillian Smith, *Strange Fruit*, yenye mapenzi ya kijana mzungu na msichana mweusi kule Kusini, ilipigwa marufuku Boston mwaka 1944. Askari wakapewa bure. Kijana wa Boston hakuweza kuinunua dukani kwao ila aliweza kuisoma handakini, katika jeshi lililowatenga weusi na weupe.

Nilikaa na hilo siku mbili tatu. Nilitaka kuamua kama mradi huu ulikuwa mzuri au ulikuwa propaganda, na kila nikiamua, orodha ya vitabu inanikatalia. Wachunga ng'ombe, wapelelezi, vichekesho, mashairi ya mapenzi, zaidi ya toleo 1,300. Mhamiaji anayevunja Kiingereza ni silaha ya kumpiga nani? Sasa naona kaulimbiu ilikuwa kwa ajili ya wenye fedha, maana mwenye fedha hatoi senti kwa ajili ya mchezo, lakini kwa silaha anatoa. Wakamwonyesha bango. Ndani ya boksi wakapakia mchezo.

Huenda najidanganya. Lakini hivyo ndivyo ningefanya mimi.

Kabati la vioo

Sebuleni kwetu kulikuwa na kabati la vioo. Chini sahani za wageni, juu vitabu. Ufunguo ulikaa kwenye bunda moja na wa pikipiki, na pikipiki ilikuwa inaondoka na mzee asubuhi. Mle ndani kulikuwa na ensaiklopidia juzuu tano kati ya kumi na mbili, Biblia mbili, na vitabu vya kilimo alivyopewa kwenye semina. Kila Ijumaa mzee alivitoa, akavifuta vumbi kwa kitambaa cheupe, akavirudisha. Sisi tuliruhusiwa kusoma migongo.

Hata leo naweza kuwatajia migongo ile kwa mpangilio.

Sekondari niliyosoma ilikuwa na maktaba. Iliingiwa na wanafunzi siku wakaguzi walipokuja. Tulichaguliwa wenye sare nzima, tukapangwa viti vikatazamana, kila mmoja akapewa kitabu, tukaambiwa tufungue katikati na tusiongee. Mimi nilipewa jiografia ya Kanada. Nilikaa na Kanada dakika arobaini. Wakaguzi wakapita, wakaandika kitu, wakaenda kula pilau, na Kanada ikarudi rafuni.

Sisemi haya kumlaumu mzee wangu. Kitabu kilikuwa na thamani ya magunia. Ukikipoteza cha shule, mzazi anauza mbuzi. Mtu aliyekosa vitabu utotoni, akija kuvipata atavifungia, kama anavyofunga hirizi. Ile ilikuwa heshima. Hata ile Ijumaa na kitambaa cheupe, naiona sasa kama ibada.

Ila kitabu cha chumba namba 14 kilichapwa na watu waliojua kitakufa. Hawakukitengeneza kidumu. Walikihesabia wasomaji sita, wakakiacha kiende kikalowe, kikachanike, kikafungiwe sigara. Hata hawakutaka kirudi nyumbani, maana wachapishaji waliogopa kisije kikawaharibia soko baada ya vita. Na humohumo, katika kutothaminiwa kwake, kikasomwa kuliko juzuu tano za mzee wangu zikijumlishwa na Kanada.

Sasa sikilizeni aibu yangu.

Wiki ya pili niliagiza mfuko wa plastiki, ule wa kuhifadhia nyaraka za kale. Nikakitia humo kitabu, nikakipandisha juu ya friji mahali ambapo binti yangu wa miaka sita hafiki. Akaniona. Akauliza ni nini, nikamwambia ni kitabu, usikiguse.

"Kwani kinauma, baba?"

Keya

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku kwetu Afrika Mashariki. Aliondoka Korogwe akaenda Bama, ndiyo Burma, leo Myanmar, akarudi na blanketi la kijivu, kopo la chakula la bati, na malaria iliyomfuata mpaka kaburini. Alikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua zile, wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi wa Desemba.

Kwa hiyo mnaweza kukisia wivu ulivyonipanda. Huyu wa chumba namba 14 anapewa riwaya ya wachunga ng'ombe yenye vipimo vya mfuko wake. Babu yangu, kwenye vita hivyohivyo, dhidi ya adui yuleyule, anapewa nini? Nikapiga simu nyumbani nikiwa nimeshapandisha hasira, nataka tu mama aniongezee kuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi? Hulali?"

Nikamuuliza kama babu aliwahi kusoma kitu kule Bama. Akacheka.

"Babu yako alikwenda vitani hajui A. Herufi alizijulia jeshini. Kulikuwa na mtu wa kuwafundisha, na gazeti."

Gazeti. Hilo sikuwahi kulisikia. Kumbe jeshi la Waingereza lilikuwa na idara ya elimu kwa askari wa Afrika Mashariki, na magazeti ya Kiswahili, moja likiitwa *Askari*, jingine, kwa waliokuwa kule Asia, likiitwa *Heshima*. Nayo yalichujwa, tena sana. Mwingereza hakuwa na nia ya kumpa Keya fikra za ziada. Hapo wivu wangu una haki yake na sitaurudisha wote. Hakuna aliyekaa Nairobi wala London akamwoza babu yangu mshairi na mpelelezi. East African Literature Bureau, ya kuchapa vitabu vya bei nafuu kwa wasomaji wapya wa huku kwetu, imekuja kuanzishwa 1948, vita vimekwisha.

Lakini mama hakuwa amemaliza.

"Aliporudi, akawa anapata *Mambo Leo*. Linakuja moja, kwa lori, limeshapita mikono. Anakaa pale kwenye gogo la mkorosho, watu wanajaa. Anasoma kwa sauti. Anasoma kila kitu, mashairi, bei ya katani, tangazo la sabuni. Likifika mwisho watu hawaondoki."

"Anafanyaje?"

"Anarudia. Wengine wamekosa mwanzo."

"Na likishachakaa?"

"Linafungia chumvi. Wewe ulitaka liwe nini?"

Nikakata simu nikiwa sina hasira tena, ila nina kitu kingine ambacho sikukipatia jina. Gogo moja, gazeti moja, masikio ishirini, na baada ya hapo chumvi. Mtoto wa mtu yule akaolewa na mtu mwenye kabati la vioo, na mimi nikazaliwa upande wa kabati.

Kurasa zinazokosekana

Nikakitoa kwenye plastiki, nikakisoma. Nilichukua usiku tatu.

Si kitabu kizuri, niwaambie ukweli. Shujaa ana kidevu kama rafu ya vitabu, na kuna farasi mwenye akili kuliko wote. Lakini karatasi ina harufu ya stoo, na safu zile mbili zinakwenda haraka, jicho halichoki, hata kwa taa ndogo ya korido. Walijua walichofanya. Ukurasa mmoja una duara la kikombe. Mwingine una alama ya penseli chini ya neno ambalo hata mimi ilibidi nilitafute maana yake.

Na mwisho hakuna. Kurasa nne za mwisho zimechanika. Jaladani wameandika kitabu kizima, na ndani, pale shujaa anaposhuka kwenye farasi ili tujue mbivu na mbichi, inafuata pini na kutu. Labda zilifungia sigara. Labda kuna mtu wa nyuma yake alikuwa anasubiri kipande chake na kikosi kikaondoka.

Mwisho wa hadithi hiyo bila shaka ningeupata mtandaoni kwa dakika tano. Sijautafuta.

Kuna mwenzangu wa zamu, mama wa Bukavu. Sisi wawili tunaongea Kiswahili usiku kucha, wangu wa Tanga na wake wa Kivu, kila mmoja akimcheka mwenzake. Alikiona mfukoni mwangu akakitaka. Chumba namba 9 kuna bibi asiyelala, wa miaka tisini na kitu, anayeita watu usiku mzima bila shida yoyote ila upweke. Mama wa Bukavu akawa anakwenda kukaa naye kila akipata nafasi, anamsomea. Kiingereza chake anakivunjavunja, kama yule mhamiaji wa A-1. Nikipita koridoni nasikia farasi anakimbia kwa lafudhi ya Kivu.

Juzi nikajua watakuwa wamefika kwenye pini. Tukakutana kwenye chumba cha mapumziko, anapasha ugali wake.

"Ulimwambia nini? Si kurasa zimekwisha?"

"Nilirudilia tu ku mwanzo, ndugu yangu."

"Na hakugundua?"

"Aligundua." Akafungua mashine, akashika sahani kwa ncha ya kanga. "Alisema ile mara ya kwanza nilisoma mbio sana."